Diski ya laptopu inafika nyuzi 58, naomba setingi za kuipoza bila kufungua mashine

Kisiki Kikavu
Wakuu salaam. Nimekwama, naombeni msaada. Laptopu yangu ina diski ya kuzunguka, ya inchi 2.5, mizunguko 5400 kwa dakika. CrystalDiskInfo, ile programu ya kukagua diski, inanionyesha joto la nyuzi 56 hadi 58, kuna siku inagusa 60. Sifanyi kazi nzito. Naiwasha jioni kidogo, nasoma barua pepe na kutazama video, basi. Ipo mezani, sehemu yenye hewa.

Sitaki habari za kufungua mashine, kununua SSD (diski isiyozunguka) wala vile vifeni vya kuwekea chini. Nataka setingi tu. Nishaanza mwenyewe: nimeweka diski ijizime baada ya dakika moja, na APM, setingi ya diski ya kubana umeme, nimeishusha mpaka mwisho, 1. Joto halijashuka. Kuna kingine cha kubofya? Hata usingizi sipati vizuri.

Mchovu
Ngoja waje.

Ngurumo
Nunua SSD.

Kisiki Kikavu
Mkuu Ngurumo, hiyo aya ya pili umeisoma?

Ngurumo
Nimeisoma. Nunua SSD.

Mzee wa Nyaya
Kijana, unatafuta mchawi nyumba ambayo siyo. Diski ya inchi 2.5 inapozunguka bila kazi hula umeme usiofika wati moja. Ikisoma na kuandika hula kama wati mbili na kitu. Jirani yake ni prosesa, inayokula wati 15, na zipo za 45. Sasa joto la nyuzi 58 limetoka kwa nani? Diski mara nyingi inapikwa na mwenzake.

Kwa hiyo setingi ya kwanza ya kupoza diski haipo kwenye diski. Nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, ile ya ndani kabisa, tafuta kiwango cha juu cha prosesa (Maximum processor state), kiteremshe kutoka asilimia 100 hadi 99. Hiyo moja tu, kwa mashine nyingi, inazima ile mbio ya ziada ya prosesa. Utapoteza kasi kidogo, ila kwa barua pepe hutaijua.

Baada ya hapo punguza kazi zisizo na sababu: uorodheshaji wa utafutaji kwenye folda kubwa, programu zinazojiwasha na mashine, antivairasi inayochambua diski nzima ukiwa kazini. Upangaji upya wa diski (defrag) usiufute, hiyo ya kwako ni ya kuzunguka na inauhitaji. Uhamishie tu saa ambayo mashine imepumzika.

Na hayo ya dakika moja na APM 1, yaondoe. Mota ya diski inapoanza kuzunguka ndipo inapovuta umeme mwingi kuliko wakati wowote. Ukiizima na kuiwasha kutwa, unaichosha bila kuipoza.

Tumbili Mstaafu
Hili la joto limenikumbusha laptopu ya shemeji yangu. Alifunga kifuniko akaitia begini akidhani imelala, kumbe sasisho liliiamsha njiani. Anafika anafungua zipu, mvuke! Siku hizi kabla ya kuitia begini anaitegea sikio kama daktari. Alikuwa na tabia pia ya kutozima jiko, lakini hiyo ni mada nyingine.

Kisiki Kikavu
Asante Mzee. Asilimia 99 nimeweka, imeshuka nyuzi mbili tu. Ila kuhusu APM naomba nisikubaliane nawe. Nilisoma kwamba ikiwa chini, vichwa vya diski, vile vinavyosoma na kuandika, vinaenda kuegeshwa pembeni na diski inatumia umeme mdogo. Umeme mdogo si ndiyo joto dogo? Halafu kuna utafiti wa Google wa 2007, walifuatilia diski zaidi ya 100,000 wakaona joto siyo muuaji mkuu. Kwa hiyo hata nikikaa kwenye 58 sidhani kama ni balaa.

Binti Tarakimu
Kama 58 siyo balaa, uzi umeufungua wa nini?

Utafiti huo upo na ni mzuri, ila ulihusu diski za kwenye seva, sehemu ambayo hewa inasukumwa muda wote. Na kwenye nyuzi za juu kabisa tofauti ilianza kuonekana, hasa kwa diski zenye umri. Watengenezaji wa diski za laptopu aghalabu wanaandika mwisho wa kazi ni nyuzi 55 au 60. Wewe umekaa mlangoni.

Tuwekee jedwali la SMART, ile ripoti ya afya ya diski kwenye CrystalDiskInfo. Mistari ya 05, 09, C1, C2 na C5. Usiandike kwa kumbukumbu, nakili kama ilivyo.

Kisiki Kikavu
05: 0
09: 1F2C
C1: 6A4F2
C2: 3A
C5: 8

Sijui hizo herufi zinatoka wapi.

Mshauri Huru
Vijana mnajua kulalamika tu. Kompyuta haikuumbwa kukaa na binadamu saa zote. Zima, soma kitabu, ongea na watu. Joto litashuka lenyewe.

Binti Tarakimu
Hizo ni namba za msingi wa 16, ndivyo programu hiyo inavyoonyesha usipoibadilisha. Nimekugeuzia:

3A ni nyuzi 58, sawa na ulivyosema.
1F2C ni saa 7,980 za kuwaka.
6A4F2 ni mara 435,442 ambazo vichwa vimeegeshwa. Diski nyingi za aina hii zimekadiriwa 600,000.

Na hiyo 8 kwenye C5 ni sekta, yaani vipande vidogo vya diski, ambazo diski imeshindwa kuzisoma, inasubiri kuamua cha kufanya nazo. Hamisha faili zako leo, kabla ya kubofya kitu kingine chochote.

Sasa nikuulize. Hiyo laptopu ina umri gani?

Kisiki Kikavu
Mwaka hivi. Niliinunua mpya.

Binti Tarakimu
Mwaka mzima una saa 8,760. Yako imewaka 7,980. "Jioni kidogo" ya wapi hiyo?

Mchovu
Nimeweka kambi hapa.

Tumbili Mstaafu
Jioni za huyu bwana zinaanza alfajiri.

Kisiki Kikavu
Sawa. Haizimwi. Inarekodi kamera usiku na mchana. Sikuona kama ina uhusiano, kwa sababu kamera ni moja tu na programu yake ni nyepesi.

Mzee wa Nyaya
Haina uhusiano! Kazi ya kuandika diski saa 24 haina uhusiano na joto la diski. Haya. Na iko mezani kweli?

Kisiki Kikavu
Ipo kabatini.

Mzee wa Nyaya
Kabati wazi au limefungwa?

Kisiki Kikavu
Limefungwa. Kuna nguo juu yake, lakini ni nyepesi, mashati tu. Feni ilikuwa inasikika usiku na ninayeishi naye hapaswi kujua kama kuna kitu kinarekodi. Kamera inaangalia ushoroba nje ya chumba changu. Kuna mtu anatoa upepo kwenye matairi ya baiskeli yangu na nataka nimjue. Kabla hamjaanza, ushoroba huo natumia mimi pia, kwa hiyo sioni kosa.

Mshauri Huru
Mwizi wa upepo anatafutwa kwa mazungumzo, siyo kwa kamera ya siri. Unayeishi naye ana haki ya kujua kwamba anarekodiwa akipita. Muulize uso kwa uso.

Tumbili Mstaafu
Akimuuliza ataambiwa "sijui", kisha upepo utatolewa matairi yote mawili pamoja na mpira wa akiba.

Ngurumo
Hii ni chai. Nimekaa kimya nikisoma, sasa niseme. Mtu anayerekodi kamera mfululizo, diski yake inaandika mfululizo. Diski inayoandika mfululizo haiegeshi vichwa. Sasa hizo mara 435,442 zimetoka wapi? Halafu APM amesema "nishaanza", kama jambo la juzi, ila hesabu ya maegesho ni ya mwaka mzima. Jedwali kalitoa kwingine, baiskeli kaitunga. Tunapotezewa muda.

Mchovu
Hata mimi baiskeli ilinitia shaka.

Kisiki Kikavu
Nilisema nimeishusha, sikusema lini. Niliishusha tangu nilipoinunua, na kamera nayo nikaiweka wiki hiyohiyo. Sina sababu ya kutunga joto la diski wakuu, mtu anatunga kitu chenye faida.

Ngurumo
Picha ya baiskeli?

Binti Tarakimu
Ngurumo, subiri. 435,442 gawanya kwa 7,980, unapata kama mara 55 kwa saa. Karibu mara moja kila dakika. Programu za kamera nyingi hazimwagi data kwenye diski tone kwa tone, zinakusanya kwenye kumbukumbu kisha zinaandika kwa mkupuo. Kisiki, rekodi zako zinakatwa faili za urefu gani?

Kisiki Kikavu
Dakika moja moja. Ndivyo ilivyokuja, sikuigusa.

Binti Tarakimu
Basi ndiyo hiyo. Faili inaandikwa, kimya, APM 1 inakimbiza vichwa pembeni, dakika inafika, vinarudishwa, faili nyingine. Mtu anayetunga asingepata namba inayokaa hivyo. Akitunga angeweka 500,000, namba ya mviringo.

Ngurumo
Au katunga na kikokotoo mkononi. Lakini sawa, nimekusikia.

Mzee wa Nyaya
Tumalize. Bakapu kwanza, Binti ameshasema. Rekodi zielekeze kwenye diski ya nje, hiyo ya ndani ipumzike. Kisha kwenye programu ya kamera angalia kama inaibana video upya. Kamera nyingi zinatuma video ikiwa tayari imebanwa kwa H.264 (mfumo wa kubana video), na ukiiambia programu ihifadhi mkondo kama ulivyo, prosesa inakaa bila kazi. Hapo ndipo joto lako kubwa lilipo, ukiacha mashati. Iambie pia irekodi pale kitu kinapotikisika tu. Ushoroba mtupu wa saa nane usiku unaurekodi wa nini?

APM ipandishe hadi 254. Kuanzia 128 kwenda juu diski hairuhusiwi kusimamisha mota, na 254 ndiyo ya utendaji wa juu kabisa. Mashine ikizimwa na kuwashwa setingi hiyo inaweza kurudi ilipokuwa, kwa hiyo CrystalDiskInfo iache ijiwashe na Windows na iirudishe yenyewe. Ule muda wa dakika moja uweke sifuri, yaani isijizime.

Kisiki Kikavu
Mzee, ulichosema nimefanya, isipokuwa kutikisika, kwa sababu mtu anaweza kutoa upepo taratibu. Prosesa ilikuwa kwenye asilimia 70 muda wote kwa kubana video, sasa iko 6. Diski 47. Faili zinahamishwa, kuna moja imegoma kunakiliwa.

Binti Tarakimu
Hiyo iliyogoma iko juu ya zile sekta 8. Ni rekodi au ni kitu chako?

Kisiki Kikavu
Rekodi ya mwezi uliopita. Ushoroba mtupu.

Binti Tarakimu
Iache. Ukimaliza kunakili, fomati diski kikamilifu (full format, inayofuta kila kitu), siyo ile ya haraka, kisha tazama tena. C5 ikirudi 0 na 05 ikabaki 0, sekta zimeandikika upya na zinaendelea na kazi. Ikipanda 05, diski imeanza kutumia akiba yake, usiiwekee kitu usichotaka kukipoteza.

Mzee wa Nyaya
Na kabati?

Kisiki Kikavu
Mlango nimeuacha wazi kidogo. Mashati nimetoa, limebaki moja tu la kuzuia taa zisionekane.

Mzee wa Nyaya
Taa zibandike karatasi. Shati litoe.