Kuhamia kriptografia kikazi ukiwa Mwanza: nianzie wapi?

mwalo_wa_kodi
Habari za kazi wakuu. Naandika mifumo ya upande wa seva kwa lugha ya Go na kanzidata ya PostgreSQL. Wateja wengi ni SACCOS na vikundi vya akiba vya wafanyabiashara wa dagaa, Mwaloni Kirumba na Ukerewe. Nataka kriptografia (elimu ya kufunga taarifa kwa siri) na ulinzi wa faragha viwe ndiyo kazi yangu rasmi. Hisabati inatakiwa kiasi gani? Shahada ya juu ni lazima? Na kazi zipo kwa mtu asiyetaka kuhama Mwanza? Kwa sasa namba za simu za wanachama zinahifadhiwa kama heshi ya SHA-256 (alama ya urefu maalumu isiyogeuzwa moja kwa moja kuwa namba ya awali), na namba za NIDA zinafungwa kwa AES-GCM (njia ya kufunga kwa ufunguo ambayo pia hugundua data iliyochezewa). Huo ni msingi mzuri?

fundi_funguo
Mkuu, tuanze na mfumo ulionao kabla ya kozi yoyote, maana ndani yake mna darasa zima.

Namba ya simu ya mkononi hapa kwetu ni 06 au 07, kisha tarakimu 8. Jumla ni namba milioni 200 tu. Kadi moja nzuri ya grafiki inakokotoa SHA-256 mabilioni kwa sekunde, kwa hiyo atakayeiba kanzidata hiyo atazipata namba zote papo hapo. Ukiongeza chumvi (data ya ziada inayochanganywa na namba kabla ya heshi) moja kwa wote na ikakaa humohumo kwenye kanzidata, hujabadilisha kitu. Ukiweka chumvi tofauti kwa kila mtu, karani hawezi tena kumtafuta mwanachama kwa namba yake.

Tumia HMAC-SHA256, yaani heshi inayohitaji ufunguo wa siri, yenye ufunguo wa baiti 32 unaokaa nje ya kanzidata na nje ya bekapu zake. Kabla ya kupiga HMAC, weka namba zote kwenye muundo mmoja: 255 mwanzoni, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi. Usipofanya hivyo, namba ileile ikiandikwa kwa 0 na kwa +255 itatoa majibu mawili na mwanachama atasajiliwa mara mbili. Argon2id, heshi iliyofanywa nzito makusudi, iache kwa ajili ya nywila, kuanzia MiB 19 za kumbukumbu na mizunguko 2.

Halafu NIDA: tarakimu 8 za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Mifumo mingi huficha za mwisho na kuacha za mwanzo zisomeke kwenye skrini. Zifichwe za mwanzo.

nansio_seva
Naongezea kwenye AES-GCM. Nonsi, yaani namba isiyopaswa kurudiwa kwa ufunguo uleule kila unapofunga ujumbe, inatoka wapi? Kama ni kaunta inayoishi kwenye kumbukumbu ya seva, umeme ukikatika Igogo saa tisa mchana, seva ikawaka upya, kaunta inaanza sifuri na ufunguo ni uleule. Hapo mkondo wa funguo (biti za siri zinazochanganywa na maandishi) unajirudia: anayeshika maandishi mawili yaliyofungwa kwa nonsi moja anayachanganya biti kwa biti kwa hesabu ya XOR na kubaki na XOR ya maandishi halisi. Kwa namba zinazoanza na tarehe, kukisia kunakuwa kwepesi mno. Kibaya zaidi, anaweza kukokotoa ufunguo wa uthibitisho na kughushi rekodi ambazo mfumo wako utazipokea bila kulalamika. Kurejesha mashine pepe kutoka bekapu kunaleta balaa lilelile.

Nonsi ya bahati nasibu ya baiti 12 inafaa, ila usizidishe ujumbe 2^32 kwa ufunguo mmoja. Kwangu mimi, XChaCha20-Poly1305, njia nyingine ya kufunga, ndiyo salama zaidi kwa mazingira yetu: nonsi ni baiti 24, unaitoa kwa nasibu kila mara na husumbuki na kaunta. Ipo kwenye laibrari ya libsodium na kwenye vifurushi vya ziada vya Go.

Jambo linalosahaulika mno: data ambatani, yaani taarifa isiyofichwa lakini lazima ilingane wakati wa kufungua. Weka humo namba ya mwanachama na jina la safu. Bila hiyo, mtu mwenye ruhusa ya kuandika kwenye kanzidata ananakili salio lililofungwa la tajiri na kulibandika kwa mwingine, na linafunguka vizuri kabisa.

fundi_funguo
Kweli kabisa, hilo la kubandika nimeliruka.

ziwani_faragha
Nijibu upande wa ajira. Wanaobuni algorithimu mpya kwa kawaida wana shahada ya uzamivu. Wanaojenga mifumo juu ya algorithimu zilizopo huulizwa wanajua nini, na hisabati yao ni hesabu za moduli, uwezekano, na grupu kwa kiasi cha kuelewa Diffie-Hellman (njia ya watu wawili kukubaliana ufunguo wa siri hadharani). Kozi ya bure ya Dan Boneh wa Stanford inatosha kwa hilo. Sambamba nayo fanya mazoezi ya Cryptopals (ya kuvunja mifumo ya siri kwa kodi), seti ya 1 hadi ya 3. Ya tatu ina zoezi la nonsi isiyobadilika, yaani balaa alilolieleza nansio_seva utalivunja kwa mkono wako.

Kwa kuonyesha kazi, chukua laibrari ndogo ya wazi, ipitishe kwenye Wycheproof (majaribio ya wazi ya kutafuta dosari za kriptografia), kisha andika ripoti ya kurasa 3 au 4: dosari, jinsi ya kuirudia, marekebisho. Kama laibrari inatumika na watu, wajulishe wenyewe kwa siri kwanza. Ripoti moja ya namna hiyo ina uzito kuliko vyeti vitano.

Kazi za Mwanza zipo, ingawa tangazo halitasema kriptografia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na taasisi zinazokusanya taarifa zinatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hospitali, shule na SACCOS zinahitaji mtu wa kuwapangia nani anafungua nini, na taarifa ipi isikusanywe kabisa. Anza na wateja ulionao.

mwalo_wa_kodi
Nashukuru sana wakuu. Swali la mwisho: mteja anataka ripoti ya akiba kwa kila mwalo (mahali wavuvi wanapotua), bila majina. Kuondoa majina kunatosha?

ziwani_faragha
Hakutoshi. Mwalo mdogo Ukara ukiwa na wanachama 3, kila mmoja akiijua akiba yake na ya rafiki yake, ya wa tatu inapatikana kwa kutoa. Ripoti mbili zinazofuatana nazo zinavuja: juzi watu 41, leo 42, kama wengine hawakuweka wala kutoa, tofauti ya jumla ni pesa za mgeni. Unganisha mialo yenye watu chini ya 10, toa ripoti kwa mwezi badala ya kila siku, na jumla uikadirie kwa elfu kumi iliyo karibu. Hiyo inapunguza tu. Ukitaka kinga inayopimika, soma faragha tofautishi (kuongeza kelele, yaani namba za nasibu, kwenye matokeo ili mtu mmoja asitambulike), iliyoasisiwa na Dwork na wenzake mwaka 2006. Sensa ya Marekani ya 2020 iliitumia. Lakini kwa vikundi vya watu 40, kelele itakayohitajika inaweza kuifanya ripoti isiwe na faida kwa mteja, kwa hiyo muulize kwanza ripoti hiyo inakwenda kwa nani.