Mrejesho: AC inayopuliza joto gari likisimama

Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini AC ya gari langu hupoza vizuri nikiwa kwenye barabara ya Mombasa lakini hupuliza hewa ya uvuguvugu nikisimama hapa Malindi mjini. Fundi alifunga geji zote mbili za kupima presha ya gesi ya AC, ya buluu upande wa presha ya chini na nyekundu upande wa juu, injini ikinguruma na AC ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Kwa gesi ya kupoza aina ya R134a, katika joto la nyuzi 32 hivi, upande wa juu hutarajiwa kusoma kati ya psi (kipimo cha presha) 200 na 250. Wangu ulipita 320, na wa chini ukakaribia 60. Baadhi yenu mlishauri niongeze gesi, jambo ambalo, kwa heshima zote, lingezidisha presha hiyo. Fundi alipoimwagia maji kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele ya gari inayotoa joto la gesi, mshale wa geji nyekundu ulishuka papo hapo hadi karibu 220, ishara kwamba kilichopungua ni upepo wa kuipoza wala si gesi. Feni ilikuwa ikizunguka kivivu, brashi za mota yake zimelika, na mapezi (vibati vyembamba) ya kondensa yamezibwa na mchanga na chumvi ya bahari. Feni imebadilishwa, kondensa imeoshwa taratibu, na sasa geji husoma 38 na 225 gari likiwa limesimama juani.