Tupeane uzoefu: mliojenga vyumba uani, umeme mliuvutaje?

Wakuu, naanza mwenyewe. Nilijenga vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba, Mbagala. Kutoka meni swichi hadi huko ni kama mita 60. Fundi akachukua umeme kwenye soketi ya sebuleni, akavuta waya wa 1.5 (unene wa milimita za mraba) juu ya ukuta wa uzio, alipounga akazungushia solotepu. Taa ziliwaka, nikamlipa.

Wapangaji walipoingia ndipo nikaona. Mmoja akichemsha maji, mwenzake akapiga pasi, feni inasinzia. Fundi wa pili alipima: kwenye mita volti 229, soketi ya mwisho 198. Akanieleza kwamba waya ule, kwenda na kurudi mita 120, una ukinzani wa karibu omu 1.5. Mzigo ukifika ampea 20, volti kama 30 zinapotelea njiani na kugeuka joto. Solotepu ilikuwa imeshaungua, na watoto hupanda ukuta ule kuchuma maembe. Mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Tulivuta upya: kebo ya 6 yenye vazi la nyaya za chuma, tukaifukia nusu mita na kuilaza tepu ya onyo juu yake. Inaanzia kwenye breka yake yenyewe ya ampea 32, na uani kuna kisanduku chenye breka ndogo na RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja) ya miliampea 30. Gharama iliniuma, ila nalala. Nyie je?

Mama Wawili, Morogoro
Pole sana. Kwangu breka ya soketi ilikuwa inajikata kila nikiwasha jiko la umeme. Fundi akatoa ya 20 akaweka ya 32, waya ukabaki ule ule wa 2.5. Haikukata tena, kweli, lakini soketi iliyeyuka. Jamani, breka inalinda waya! Ikikata, tafuteni kinachoikatisha.

Mgogo Halisi
Dodoma udongo wetu ni mkavu. Friji ilikuwa inanipiga shoti nikiigusa peku. Fimbo ya ethi, ile ya kupeleka umeme uliovuja ardhini, ilikuwepo, lakini ilipopimwa ilitoa omu zaidi ya 100, yaani hitilafu ingepitisha ampea 2 tu, breka haiwezi kushtuka. Tuliongeza fimbo mbili, tukaziunganisha, tukafunga na RCD.

Pwani Tanga
Taa zikicheza nyumba nzima msihangaike na balbu. Kwangu ilikuwa pale waya wa alumini wa nguzoni unapokutana na shaba ya nyumbani, chumvi ya bahari imeshakula kiungio. Nilipiga simu TANESCO, shirika la umeme, wakaja kuweka kiungio cha metali mbili.

Kijana wa Dari
Panya. Pitisheni nyaya kwenye paipu hadi darini, msiziache wazi.

Mgeni2
Mkuu, na ile sehemu kati ya nguzo na mita, fundi wangu anaweza kuibadilisha?

Mwanzisha mada
Hapana, ndugu yangu. Hiyo ni ya TANESCO, na lakiri ya mita usiiguse. Baada ya mita tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, mwambie akuonyeshe leseni hiyo kabla hujampa hela ya waya. Mimi sikuuliza.