Ushairi na kufundisha chuo, inalipa au najidanganya?

Mtoto wa Barabara ya 14
Habari za usiku wakuu. Niko Tanga hapa Ngamiani, nimemaliza ualimu Kiswahili na Historia, GPA 3.6, mashairi naandika tangu kidato cha pili. Mzee anasema niombe ajira za sekondari niache kufukuzana na vina, mimi roho yangu iko chuo, ufundishe vijana kutunga huku na diwani zako, vitabu vya mashairi, zinatoka. Nasikia Marekani kuna digrii kabisa ya kuandika, pale Iowa wameanza tangu 1936. Kwetu njia hiyo ipo? Diwani yangu nimempelekea mchapishaji mmoja, mwaka wa pili huu, hata pole sijapewa.

Waja Leo
Dogo, panda daladala nenda Machui ukasome fatiha kwenye kaburi la Shaaban Robert kisha urudi tuongee. Yule ndo mkubwa wetu na ushairi haukumlipa mshahara, karani wa forodha 1926 mpaka 1944, akaenda idara ya wanyama, akaja kumalizia upimaji ardhi hapahapa Tanga. Usiku ndo anaandika. Nakuachia beti, hesabu mizani mwenyewe:

Ukitaka ushairi, usitake mshahara,
Wino kwangu ndiyo heri, sifungui biashara,
Mfuko haunawiri, hata nilipe kafara,
Mashairi hayaliwi, bali yanakula mtu.

Bi Mkubwa wa Chumbageni
😂😂 hilo kibwagizo nimeliiba. Mamangu alikuwa anawatungia watu wa taarab enzi zile Tanga ina vikundi kila mtaa, malipo yake doti ya kanga na nauli, na wimbo ukipigwa harusini hakuna anayejua nani katunga. Mwanangu sikukatishi tamaa ila usije ukasema hukuambiwa.

Mwalimu wa Zamu
Mimi nafundisha fasihi chuo na ninazo diwani mbili kwa hiyo nakujibu kwa ninachokiona. Kwanza hakuna anayekuajiri kama mshairi. Unaajiriwa kama mtu wa fasihi au isimu, somo la kutunga unapewa juu yake kama nyongeza ya chumvi. Pili, na hapa samahani mdogo wangu, vyuo vikuu wanataka 3.8 digrii ya kwanza na 4.0 ya uzamili, 3.6 yako itakusumbua. Hata Kezilahabi, aliyetuletea diwani ya Kichomi mwaka 1974 watu wakagombana kama shairi bila vina ni shairi, alikuwa msomi mwenye udaktari wake, kafundisha Dar, kamalizia Botswana.
Sasa raha yake. Darasa linaingia wote wanaamini shairi ni vina basi, wanakuletea "mapenzi" na "machozi" beti kumi. Nawatuma sokoni wakasikilize muuza samaki anavyojibizana na mteja, waniletee maneno yaleyale, wasiongeze hata moja. Wiki ya tatu kuna binti mmoja kimya kimya anasoma mistari minne darasa zima linanyamaza. Hapo nasahau kwamba nyumbani kuna karatasi mia mbili za kusahihisha na kwamba mwenyewe sijaandika kitu tangu Ramadhani. Hilo ndo hawakuambii, kufundisha utunzi kunakula utunzi wako.
Mchapishaji achana naye. Peleka Tuzo ya Mwalimu Nyerere, ushairi umo, mshindi anachapishiwa kitabu na wa kwanza anapata milioni 10. Ipo na tuzo ya Kiswahili ya Cornell, chuo cha Marekani, Ghassany wa Zanzibar aliipata 2015 kwa mashairi.

Waja Leo
Milioni kumi?? Jamani kalamu yangu iko wapi

Mtoto wa Barabara ya 14
Shukrani sana mwalimu, shikamoo, na wewe Bi Mkubwa shikamoo. Hiyo 3.8 imenikata maini nisiseme uongo. Mzee kashinda raundi hii, nimeanza kujaza maombi ya sekondari saa hizi. Kwenye ujuzi mwingine nimeandika mshairi, nikafuta, nimeandika tena.