Mjadala: Kiadige, lugha ya Wacherkesi, kiandikwe kwa tahajia moja, au kila lahaja ijiandikie?

Mtoa mada: Kfar Kama, kaskazini mwa Israel, Wacherkesi huzungumza Kishapsugi, lahaja ya wazee wao waliofukuzwa Kaukazi vita vilipokwisha mwaka 1864. Kiadige sanifu kimejengwa huko Maykop, mji mkuu wa Adygea nchini Urusi, juu ya lahaja ya Kitemirgoi, na kimeandikwa kwa herufi za Kisirili tangu 1938. Je, mtoto wa Kfar Kama aandike anavyosikia nyumbani au afuate kitabu?

Mchangiaji 1: Akifuata kitabu atapoteza sauti. Kitemirgoi kina vipasuo (konsonanti za kuziba pumzi kisha kuiachia) vya aina tatu: ghuna kama b na d, sighuna kama p na t, na vya kufyatuliwa huku koo limefungwa. Kishapsugi na lahaja ya Kibzhedugi vina aina ya nne, sighuna isiyo na mpumuo, yaani bila pumzi inayovuma baada yake. Mtu wa Mombasa hahitaji maelezo marefu: *paa* la nyumba, bila mpumuo, na *p'aa* wa porini, wenye mpumuo. Tahajia yetu iliyameza yote mawili, na bara huko wengi hawajui hata kwamba yalitofautiana. Aina ya nne waiandike kwa kurudia herufi, тт na пп, yaishe.

Mchangiaji 2: Mkuu, mfano wa paa umekaa, ila kitabu cha Maykop hakimpendelei Mtemirgoi kila mahali. Tazama кӏалэ, "kijana". Herufi inaonyesha *k*, lakini Maykop husoma *ch* ya kufyatua. Mshapsugi ndiye anayetamka *k* laini ya kufyatua, kama ilivyoandikwa! Mkabardia, Mcherkesi wa mashariki, yuko mbali zaidi, anaandika щӏалэ. Na tofauti nyingi zina mpangilio, msomaji huzigeuza kichwani: ф ya magharibi ni ху mashariki, kama мафэ na махуэ, "siku", au фыжьы na хужь, "nyeupe". Hata hiyo aina yako ya nne ina alama yake Kikabardia, ambako imekuwa ghuna: тыгъэ, "jua", kule ni дыгъэ.

Mchangiaji 3: Mnagombea herufi kabla ya kupima. Msimpe msemaji neno lililoandikwa, atawasomea matamshi ya kitabu. Mwonyesheni picha ya jua. Neno likae katikati ya sentensi ileile, lirudiwe mara tano, maneno yachanganywe. Likianza sentensi, kimya kilicholitangulia kinaficha pale ulimi ulipoziba, na muda wa kuziba ni muhimu kwa sababu aina ya nne hubanwa kwa nguvu. Kisha, kwenye Praat, programu ya kuchanganua sauti, pimeni kutoka mpasuko hadi irabu inapoanza kutetema. Hapa wengi huteleza: kipasuo cha kufyatua nacho kinaweza kuacha pengo refu kama chenye mpumuo. Msiishie kwenye urefu, angalieni ndani ya pengo. Mpumuo una mvumo. Kufyatua kuna kimya. Na tafadhali, si ujumbe wa sauti wa simu. Faili ikibanwa, mvumo huo ndio wa kwanza kuharibika.

Mchangiaji 1: Sawa, basi тт ikae kwenye kamusi tu, kando ya neno, kama alama ya matamshi.

Mchangiaji 2: Kwenye kamusi sina ugomvi. Darasani ndiko kwenye kazi.

Mchangiaji 3: Darasani kuna Rehaniya pia, kijiji cha pili cha Wacherkesi nchini humo. Wale ni Waabzakhi, na Kiabzakhi hakina aina ya nne. Kitabu chenye тт kitamtaka mtoto wa Rehaniya akariri, neno kwa neno, tofauti ambayo hajawahi kuisikia kwa mama yake.