Ukaguzi wa mlipuko wa nyuklia chini ya ardhi: xenoni ikishapungua, tupime nini?

Mwambamgumu:
Wakuu, naomba msaada kuhusu ukaguzi wa eneo unaotajwa kwenye mkataba wa 1996 wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia. Eneo linaweza kufika kilomita za mraba 1,000, wakaguzi wasizidi 40. Tuseme sampuli za gesi ya udongoni zinaanza kuchukuliwa siku ya 30 baada ya mlipuko, na juu hakuna bonde lililotitia wala ufa. Xenoni-133, gesi ya mionzi inayotokana na mlipuko wa nyuklia, ina nusu-uhai (muda wa kupungua kwa nusu) wa siku 5.24 tu. Bado inafaa kutafutwa? Na bomba la kuvuta gesi kutoka ardhini linasimikwaje lisivute hewa ya juu?

Isotopu37:
Siku ya 30 imebaki kama asilimia 2. Itafute, lakini karata kubwa ni argoni-37, gesi nyingine ya mionzi: nusu-uhai yake ni siku 35, kwa hiyo asilimia 55 bado ipo. Nyutroni za mlipuko huizalisha zikigonga kalsiamu iliyomo kwenye mwamba. Mtego wake ni kwamba miale ya anga nayo huzalisha kidogo udongoni, hasa penye chokaa. Pima kwanza udongo wa aina hiyohiyo mbali na eneo linaloshukiwa, la sivyo hutajua namba yako ina maana gani. Kipima gama hakitaiona kabisa. Lazima argoni itenganishwe na gesi nyingine, kisha iingizwe kwenye kihesabio cha gesi.

Bomba_Refu:
Nijibu la bomba, maana hapo ndipo sampuli nyingi huharibika. Toboa shimo jembamba la mita 1 hadi 2. Bomba liwe na matundu sehemu ya chini tu. Shindilia udongo mfinyanzi mbichi kulizunguka, tandaza turubai juu, fukia kingo zake. Wakati pampu inavuta, fuatilia radoni, gesi ya mionzi ya asili iliyomo udongoni: ikishuka ghafla, unavuta hewa ya juu. Punguza kasi au ziba upya. Mita moja ya ujazo ya hewa ina argoni lita 9 hivi, lakini xenoni haifiki hata mililita 0.1, kwa hiyo hakuna nafasi ya uvujaji.

Vuta baromita inaposhuka, kwani mgandamizo ukipungua gesi hupanda kupitia nyufa. Nevada, Marekani, 1993, zililipuliwa baruti za kawaida za takriban kilotani 1, mita 390 hivi chini, pamoja na gesi mbili za alama, yaani zilizowekwa ili zifuatiliwe. Salfa heksafloridi ilionekana juu baada ya siku 50 hivi. Heliamu-3, iliyo nyepesi zaidi, baada ya siku 375. Ile nyepesi hupenya na kupotelea kwenye vitundu vya mwamba, nzito hubaki kwenye ufa. Shimo lililotoa sifuri leo lirudie.

Mwambamgumu:
Nimeelewa. Sasa kwenye kilomita za mraba 1,000 bomba la kwanza naliweka wapi?

Isotopu37:
Mitetemo ndiyo itakuelekeza. Mwamba uliovunjika huendelea kutikisika, ila mitetemo hiyo hupungua haraka, kwa hiyo tega vipima mitetemo siku ya kwanza ya ukaguzi. Kila kituo kiwe na kipima cha pande tatu katikati na vitatu vya wima kukizunguka, kama mita 100. Mnatafuta mitetemo midogo hadi ukubwa wa hasi 2 kwenye kipimo cha matetemeko. Vifukie mbali na miti, maana upepo ukiyumbisha mti mizizi hutikisa ardhi, na jenereta isikae karibu. Helikopta nazo ziwe na ratiba. Saa zinaporuka, data ya hapo chini haifai. Mitetemo ikijikusanya sehemu moja, tafuta mpasuko wa mwamba ulio karibu nayo, simika bomba hapo.