Naombeni ushauri: mkopo wa bilioni 50 au elfu sita kwa mwezi, upi utamfikia mama karanga wa Malindi?

BintiMaweni (Malindi), 23 Julai 2022, saa 4:10 usiku

Asalaam aleikum wanajamvi. Naomba mnisikilize kwa utulivu, sikuja kupigia mtu debe.

Mimi ni mama karanga. Huu ni mwaka wa tisa nakaanga samaki hapa Malindi. Asubuhi nashuka ufuoni kungojea vyombo vya wavuvi, jioni nawasha jiko saa kumi mpaka saa mbili usiku. Msimu wa kusi mnaujua wenyewe: bahari imechafuka, wengi hawavuki mwamba, na kile kidogo kinachopatikana wenye magari ya barafu wanakiwahi kabla yetu. Juu ya hayo kuna mafuta. Kabla ya korona jerikeni ya lita ishirini niliipata chini ya elfu tatu, leo natoa zaidi ya elfu sita. Nimepandisha kipande kutoka 50 hadi 70. Mteja anakishika, anakirudisha, anaenda zake kula sima na mchicha. Simlaumu. Unga wa kilo mbili ulivuka 200, na ile bei ya 100 iliyotangazwa Jumatano duka la mtaani kwangu bado halijaiona.

Sasa shida yangu. Tuko wanawake kumi na wanne kwenye chama, tunachanga 200 kila Ijumaa, na mfuko una 96,000 na kitu. Kwa vile tarehe 9 Agosti tunapiga kura ya urais, wenzangu wamegawanyika. Kuna wanaotaka tuvunje mfuko, kila mtu achukue chake, halafu tungoje mkopo wa serikali wa riba nafuu ambao Ruto anauahidi. Muungano wake, Kenya Kwanza, walizindua manifesto yao Kasarani tarehe 30 Juni na kusema bilioni 50 kila mwaka zitaenda kwa wafanyabiashara wadogo. Wengine wanasema wa nini mkopo, Raila atatoa 6,000 kila mwezi kwa familia milioni mbili zisizojiweza, na sisi wengine wajane tutakuwa ndani. Azimio, muungano wa Raila, walilisema hilo uwanja wa Nyayo tarehe 6 Juni. Profesa Wajackoyah na bangi yake ya kulipa deni la taifa hatukumjadili sana, na Wakili Mwaure hakutajwa kabisa. Nasema kweli yangu.

Mimi ndiye katibu, kwa hivyo Ijumaa nimetakiwa nije na maelezo. Hesabu nimepiga: 6,000 mara milioni mbili ni bilioni 12 kwa mwezi, 144 kwa mwaka. Ukitazama ukubwa tu, ya Raila ni karibu mara tatu ya ile ya Ruto. Lakini moyo unanikatalia kupima hivyo, na sijui nipime kwa kipimo gani. Nisaidieni. Na je, tuvunje mfuko?

---

Ngalawa72, saa 4:31 usiku

Dada, hao ni wale wale kila miaka mitano. Kaanga samaki wako, acha siasa.

---

BintiMaweni, saa 4:40 usiku

Kaka yangu, siasa ndiyo iliyonipandishia mafuta, siwezi kuiacha. Na wanawake kumi na watatu wananingoja Ijumaa.

---

MwalimuGede, 24 Julai, saa 1:05 asubuhi

Swali lako ni zuri sana dada, na hesabu yako ni sahihi. Umefanya vyema pia kusita kwenye ukubwa.

Nitakwambia ninavyoliona. Mkopo na ruzuku ni dawa za maradhi mawili tofauti. Mkopo unamfaa mtu ambaye wateja wamejipanga mlangoni na yeye hana mzigo. Ruzuku inamfaa mtu ambaye mzigo upo ila mlangoni hakuna mtu. Sasa rudia ulichoandika. Hukusema umekosa pesa za kununua samaki. Umesema mteja anashika kipande anakirudisha. Ukipewa mkopo wa elfu kumi kesho, ukajaza karai, na yule mteja bado hana 70, umebaki na samaki wa kuoza na deni la kulipa.

Elfu sita zikiingia kwa ajuza wa Muyeye, hazendi Nairobi. Zinaenda kwa muuza unga, kwa muuza makaa, na jioni moja mbili zinakuja kwako. Wewe huenda usiandikwe kwenye orodha ya zile familia, na bado ukafaidika kuliko aliyeandikwa. Ndiyo maana nasema fuata njia ambayo pesa itapita, uone inasimama wapi kabla ya kufika kwako.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mpigie Raila. Nasema ukikaa na wenzako, swali la kwanza liwe hili: kila mmoja wetu amepungukiwa na nini, mtaji au mteja? Mshonaji mwenye oda za sare za shule na hana cherehani ya pili, jibu lake litakuwa tofauti na lako, na atakuwa sawa.

---

KijanaBarani, saa 2:20 asubuhi

Naunga mkono mwalimu, nami nina ushahidi. Mwaka 2020 niliandikwa Kazi Mtaani, zile kazi za serikali za vijana, Kilifi ilikuwa katika kaunti za mwanzo. Tulisafisha mitaro na kufyeka vichaka, malipo 455 kwa siku. Sikufungua biashara yoyote kwa pesa zile, nililipa deni la kiosk na nikala. Lakini waulizeni waliokuwa wakiuza chakula karibu na tulipofanyia kazi. Siku ya malipo hawakubakisha chapati.

---

BintiMaweni, saa 2:48 asubuhi

KijanaBarani umenikumbusha kitu! Mwaka ule hoteli zilifungwa, Wataliano hawakuja, nikadhani nitafunga. Halafu kuna wiki nilikuwa nauza mpaka nashangaa, vijana wa viatu vya mpira wanakuja watano watano. Sikujua kwa nini mpaka leo hii. Subhanallah.

---

MzeeWaAmu (Lamu), saa 3:15 asubuhi

Wanangu, nawasalimu kutoka Amu.

Mwalimu amesema njia. Mimi nataka kuongeza wakati. Mwaka 2009 serikali ilitenga bilioni 22 za kuchangamsha uchumi. Mabwawa ya samaki yalichimbwa mashambani, 200 kwa kila jimbo katika majimbo 140, na masoko yakajengwa. Sisi watu wa bahari tulistaajabu kidogo na hayo mabwawa, lakini nia ilikuwa njema, vijana walilipwa kuchimba. Lililokuja baadaye ni kwamba vifaranga na chakula cha samaki vilitaka fedha kila msimu, na fedha ya mchocheo ilikuwa ya mara moja. Kuna masoko yaliyokaa miaka na kufuli mlangoni.

Na hapa kwetu, Mahakama Kuu ya Malindi ilitoa hukumu mwaka 2018 kwamba wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wa bandari mpya. Tulishangilia. Mei 2021 gati la kwanza lilifunguliwa, meli zikafunga gatini. Nawaambieni kama mtu mzima: kutoka karatasini hadi mkononi ni safari, na wavu unachanika leo. Kwa hivyo mwanangu BintiMaweni, mfuko wenu ndio pesa pekee iliyo mkononi. Mkiuvunja kwa sababu ya ahadi, mmeuza mashua kununua upepo.

---

HasibuKilifi, saa 5:02 asubuhi

Mzee ametangulia kusema jambo nililotaka kusema kuhusu wakati, basi nami nilitie tarehe. Mwaka wa fedha ulianza tarehe 1 Julai. Bajeti ya 2022/23, takriban trilioni 3.3, imeshapita, na haina ndani yake zile 50 wala zile 144. Rais mpya, awe nani, itabidi apeleke bajeti ya nyongeza Bungeni au akate kwingine. Msitarajie kitu Septemba.

Halafu nina neno na mwalimu, kwa heshima. Mfano wake wa njia ya pesa ni wa kweli, ila ameacha upande mmoja: pesa inatoka wapi? Deni la taifa limeshapita trilioni 8, na Bunge limeruhusu lifike 10. Bilioni 144 kila mwaka zikitoka kwenye kodi, huenda zikatoka kwenye mafuta ya jerikeni ile ile ya dada. Zikitoka kwenye mkopo, riba italipwa na watoto wake. Na kuna jambo lingine ambalo watu wa Pwani mnalijua kuliko mimi. Msimu wa kusi samaki ni wachache. Ukimpa kila mtu elfu sita na samaki hawajaongezeka, nini kitapanda? Bei ufuoni. Dada atauza zaidi na atanunua ghali zaidi.

Mkopo una sifa moja ambayo ruzuku haina: unaweza kununua kitu kinachobadilisha msimu. Friza. Samaki wa Januari akaliwa Juni.

---

MwalimuGede, saa 5:40 asubuhi

Nimekubali kwenye friza, Hasibu, na nimekubali kwamba sikugusa chanzo cha pesa. Lakini hata mkopo una chanzo. Bilioni 50 zisipolipwa ni hizo hizo kodi. Na zile 2,000 za mwezi wanazopata wazee wa miaka 70 na zaidi ziko tayari, orodha ipo, njia ipo. Kuongeza kwenye bomba lililopo ni rahisi kuliko kujenga bomba jipya. Hapo nadhani Azimio wana hoja ambayo wenyewe hawaielezi vizuri majukwaani.

---

HasibuKilifi, saa 5:52 asubuhi

Bomba lipo, sawa. Milioni mbili za familia ni nyingi kuliko waliomo sasa. Nani anaandika orodha ya wapya? Chifu?

---

MamaZai (Malindi), saa 8:30 mchana

Nawasoma tangu asubuhi, nimeacha kusuka mikeka nijibu hili. BintiMaweni shoga yangu, msivunje chama. Nasema mara ya pili, msivunje.

Kikundi chetu kilipata pesa za Uwezo, mfuko ule wa serikali ulioanza na bilioni 6 ambazo zilikuwa zimetengwa kwa marudio ya kura za 2013 yasiyofanyika. Hazikuwa na riba, ila gharama ya asilimia 3 tu. Tulizirudisha zote. Unajua tuliwezaje? Kwa sababu tulikuwa na mfuko wetu wa Ijumaa kama ninyi. Aliyekwama mwezi huu, mfuko ulimbeba. Naelewa mkopo huu mpya unaweza kuja kwa mtu mmoja mmoja kupitia simu. Uje hivyo au uje kwa kikundi, asiye na watu wa kumbeba ndiye atakayeangushwa. Tumeshawaona wa mikopo ya simu, mtu anapigiwa hadi shemeji zake.

Mkitaka kupima wagombea, pimeni. Lakini kuvunja mfuko na kura ni mambo mawili, msiyafunge kamba moja.

---

BintiMaweni, 29 Julai, saa 3:25 usiku

Nimetoka kikaoni, nimechoka lakini nina furaha.

Nilianza na swali la mwalimu. Kila mtu aseme amepungukiwa na nini. Tisa tulisema mteja. Watatu walisema mtaji, mmoja ni fundi cherehani hivyo hivyo mwalimu alivyobashiri. Wawili walisema mahali pa kuhifadhi, na mmoja wao ni muuza maziwa lala. Hapo hata ubishi wa Ruto na Raila ukapoa, maana kila mmoja aliona kwa nini mwenzake anapenda anachopenda. Biti fulani aliyekuwa akinuna na mimi tangu Juni alinishika mkono.

Niliwasomea ya Hasibu kuhusu tarehe 1 Julai. Kimya. Nadhani wengi walidhani pesa zinakuja Agosti kumi. Niliwasomea na ya mzee kuhusu mashua na upepo.

Mfuko hatukuvunja. Tumekubaliana ukifika 110,000 tununue friza moja ya mkono wa pili, ikae kwangu, kila mmoja alipie nafasi yake na stima. Kura ni siri ya kila mtu. Yangu nimeshaamua na siisemi hapa.

---

BintiMaweni, 18 Desemba 2022, saa 3:00 usiku

Naufufua uzi huu maana wengine mmeniuliza faraghani.

Friza tulinunua mwanzoni mwa Oktoba. Septemba ilitubana: ruzuku ya petroli iliondolewa, Nairobi ikatoka 159.12 hadi 179.30, na hapa ufuoni kila mwenye chombo cha mashine akapandisha bei ya samaki siku ile ile. Elfu sita ndio basi, aliyeziahidi hakushinda.

Mkopo aliouahidi Ruto ulizinduliwa tarehe 30 Novemba. Nilipiga *254# usiku huo huo. Unaanzia 500, na kiwango kinaweza kupanda hadi 50,000 kwa anayelipa. Nilianza na 500. Asilimia 5 inaenda kwenye akiba, nikapokea 475. Riba ni asilimia 8 kwa mwaka, kwa siku kumi na nne haifiki shilingi mbili, na hilo nalisifu kwa dhati ukilinganisha na tulikotoka. Kwa 475 napata lita moja na nusu ya mafuta ya kukaangia. Mteja mkopo hauniletei. Fundi cherehani wetu yeye anaupenda, amesharudisha na kukopa tena mara mbili.

Kaskazi imeingia, wageni wanafika, nguru wapo. MamaZai, Ijumaa iliyopita mwenzetu mmoja alipungukiwa na 210 siku ya kumi na tatu ya mkopo wake. Mfuko ukambeba.

---

MamaZai, saa 3:12 usiku

Alhamdulillahi. Na friza ina nafasi? Nina kilo sita za pweza.

---

BintiMaweni, saa 3:15 usiku

Leta kesho kabla ya saa tatu, rafu ya chini iko wazi.